Kaburi Katika Sanduku la Mchanga

Kutibu watoto kwa michezo kulinigharimu goti la kulia, suruali zisizo na idadi, na heshima yangu yote mbele ya shemeji zangu wa Kavimvira, huku kwetu Uvira. Wao ni wabadilisha pesa. Mtu mzima anayelipwa ili akae mchangani na watoto walimwona kama noti iliyochanika: unaipokea, lakini shingo upande.

Siku ya kwanza, katika shule moja ya Kasenga, Mama Msimamizi wa shirika letu alinikabidhi gunia. Nilikuwa nimetoka kwenye biashara, kwa hiyo nikahesabu vitu mara mbili: midoli ya vitambaa, magari ya makopo, ng'ombe wa udongo, ngoma moja.

"Mama, na dawa iko wapi?"

"Umeishika."

"Na kazi yangu?"

"Kunyamaza. Ukiweza."

Huo tuliuita mchezo huru. Mtoto anachagua mwenyewe. Humfundishi, wala humkatazi, ila akitaka kuumiza mtu. Ukifungua mdomo, unamrudishia tu unachokiona, kama kioo: "Gari limeanguka." Basi. Mtoto wa miaka saba au kumi hana maneno ya kueleza maji yaliyobomoa nyumba yao, lakini mikono yake inayo. Kunyamaza kulinitesa, mpaka nilipokumbuka kwamba hata sokoni anayetangulia kutaja bei ndiye anayepoteza.

Baada ya Kasenga nilipewa chumba katika shule ya Nyakabere, kijiji kilichokuwa kimepitiwa na mafuriko. Huko nikampokea Neema, msichana wa miaka tisa ambaye hakuwa amesema na mtu tangu maji yale. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la mchanga, akachukua mdoli mdogo, akamzika, akamfukua, akamzika tena. Kila alipokuja, hivyo hivyo.

Nikaogopa. Kwetu, watoto wakicheza kuzika, mtu mzima yeyote anayepita huwatawanya kwa fimbo, maana mchezo huo huita kifo nyumbani. Nami nilikuwa nimekaa pale, nalipwa, nasema, "Mdoli amefunikwa." Nikampigia simu Mama Msimamizi.

"Usimzuie," akasema. "Ukimzuia leo, hatakufungulia tena."

"Na kijiji?"

"Kijiji upatane nacho. Si ulikuwa mchuuzi?"

Kijiji hakikungoja. Wazazi walianza kuwazuia watoto wao kuja, na Mkurugenzi wa shule akaniambia kwamba kelele za wazazi zisipokwisha atafunga chumba. Ndipo akaja nyanya yake Neema, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Weye ndiye muntu anafundishaka mutoto wangu kuzika?"

"Simufundishi, mama. Anachagua mwenyewe."

"Na weye uko naangalia tu! Miye nimebakia na huyu mumoja. Unataka na yeye aende?"

"Naogopa kama weye, mama. Nipe leo tu. Ukae karibu. Ukiona ubaya, umubebe."

"Na ule mudoli utauchoma."

"Nitauchoma."

"Na muchanga utaumwaga."

"Muchanga ni wa mukurugenzi, mama. Lakini nitaumwaga."

Sijawahi kutoa vingi hivyo bila kupata kitu mkononi.

Neema akazika. Nyanya yake akatazama, kiganja mdomoni, kisha akaniambia kwa sauti ya chini. Bahati, mdogo wake Neema, alichukuliwa na maji na mwili haukupatikana. Wazee walizika shina la mgomba mahali pake, kama desturi inavyotaka. Watoto walikuwa wamepelekwa kwa jirani wasione, na Neema aliambiwa Bahati yuko kwa mjomba.

Neema akaanza kufukua. Nyanya yake akateremka mchangani, akaushika mkono wake.

"Si hivi, mujukuu. Bahati tunamulaza kwa ubavu."

Mkono ukatulia. Kisha nikaisikia sauti ya Neema kwa mara ya kwanza, kavu, ndogo.

"Mulizika mugomba, nyanya. Niliona."

Bibi akajifuta macho kwa pindo la kitenge. Alikuwa analia. Mtoto akanigeukia mimi.

"Na Bahati akirudia?"

Nikashika kanuni yangu. "Unauliza kama Bahati atarudi."

"Ndiyo. Njo hiyo nakuuliza."

Nilitazama mchanga. Nyanya yake alinitazama mimi, akingoja.

Mdoli sikuuchoma; bibi mwenyewe alisema tuuache. Chumba hakikufungwa, na Neema akaanza tena kusema, kusoma, hata kugombana na wenzake. Katika ripoti yake Mama Msimamizi aliita hayo mafanikio, na kwa hesabu za ofisi yalikuwa mafanikio kweli.

Sasa goti limekataa mchanga na nimestaafu. Neema anasoma sekondari hapa Uvira. Tukikutana barabarani ananiamkia kwa adabu, kisha anasimama kidogo, kama mtu aliyeacha kitu dukani, nami najua ni jibu la swali lake. Mimi hujifanya nina haraka, na sigeuki nyuma mpaka nifike nyumbani.

Nyinyi vijana mnaofanya kazi hii leo, mmesoma kuliko mimi. Mwili haujapatikana, mtoto amekukazia macho, kioo hakitoshi. Mnamjibu nini? Niambieni, kabla hajanikuta tena.