Beseni la Mama Émerence

Nyumba ya Mama Émerence iko karibu na gare, stesheni ya treni, kwenye mtaa wa watu wa reli. Mume wake, Ézéchias, ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni, alikufa zamani. Watoto walienda Lubumbashi. Yeye alibaki, akauza samaki kavu wa Bukama, na paka wa gare wakamfuata kwa sababu ya harufu. Ndivyo ilivyoanza. Watu husema mengine, eti ni ulozi, lakini mimi niko jirani yake tangu tulipokuwa wasichana.

Mwaka huu, mvua ilipoanza, paka waliugua. Upele uliwala manyoya, macho yakafungwa na usaha. Paka jike mmoja alikuwa ameacha kula kabisa, na watoto wake walikuwa wanamnyonya bure. Daktari wa mifugo alipita na pikipiki, akitokea Kaniama kwenye ng'ombe.

«Wanaweza kupona,» akasema. «Lakini nipate pesa ya dawa, nianze sindano kesho. Nikipita bila kuanza, mama yao anakufa kwanza.»

Émerence hakuwa na kitu. Treni ilikuwa haijaleta samaki muda mrefu. Alienda kuomba nyumba kwa nyumba, wakamcheka. Kanisani wakamwambia sadaka ni ya watu.

Basi akatoa meza mbele ya mlango. Juu yake akatandika kitambaa cheupe, akaweka beseni. Kisha akakaa chini kwenye mkeka, paka jike mapajani, amefunikwa kitenge.

Sasa, kwetu, meza yenye kitambaa cheupe na beseni mlangoni ni kilio: nyumba hiyo imefiwa. Huulizi. Unatia mchango wako, unaingia, unalia, na kuuliza kunakuja nyuma.

Wa kwanza kupita alikuwa Tshala, mke wa askari wa base, kambi ya jeshi, akienda sokoni. Akatia, akafunga kitenge kiunoni, akaanza: «Yoo! Mama yangu, yoo!» Sauti yake ni kubwa. Mtaa mzima ukatoka. Mukalay, mwenye kusaga mahindi, akavua kofia, akatia noti iliyokunjwa, akasimama ameinamisha kichwa. Watu wakaleta viti.

Tshala alipochoka akapangusa uso. «Mama Émerence, ni nani alikufa?»

«Hakuna mwenye alikufa. Niko naomba asikufe.»

Akafunua kitenge. Paka akapiga chafya.

«Paka?» Mukalay akasema. «Minyi nilitoa kofia sababu ya paka?»

«Na machozi yangu?» akasema Tshala. «Utanirudishia na nini?»

«Yaweke, mama. Siku ingine yatapata mwenye kuliliwa.»

Wengine wakaanza kucheka. Mukalay hakucheka. «Kama njo vile, natwaa yangu.» Akanyoosha mkono hadi juu ya beseni.

Pale mkono ukasimama. Kila mtu alikuwa anautazama. Kitu kilichoingia katika beseni la kilio hakirudi nyumbani. Mwenye kukirudisha anarudi na kifo, anakionyesha mlango wake.

«Twaa, baba,» Émerence akamwambia. «Nani anakukataza?»

«Twaa, Mukalay!» akasema Tshala. «Bibi yako iko nakungojea kwa nyumba. Mupelekee.»

Mukalay akaurudisha mkono, akavaa kofia. «Weye, mama, ulifanya kusudi.»

«Minyi? Niko na meza moja, kitambaa kimoja, beseni moja. Ulitaka niombe mu kofia yako?»

Hakuna aliyetwaa chake. Wengine waliokuja kwa kuchelewa walitia hata baada ya kuambiwa, kwa sababu kupita beseni bila kutia pia si vizuri.

Kesho yake daktari akapiga sindano, akaacha dawa ya macho na ya upele. Paka jike akaanza kula siku ya soko: vichwa vya samaki, kidogo, halafu bukari, ugali wa mahindi. Mukalay alikuwa akipita anauliza toka barabarani, bila kusimama: «Mugonjwa wetu?»

Mtoto mmoja wa yule paka jike, aliyekuwa mdogo kuliko wote, hakupona. Émerence alimzika nyuma ya jiko. Hakutoa meza. Mukalay alipita, akamwona na jembe, akatia mkono mfukoni.

«Acha, baba,» akamwambia. «Mchango ya huyu mulishaitoa siku ile.»