Kidole Alichokikunja Mulwa

Mulwa wa Kwa Vonza ni mkaidi, na sisemi hivi kumsengenya. Mwambie usoni naye ataitikia kana kwamba umemtaja kwa jina la ubatizo. Amefuga nyuki tangu ujana wake, na kama si goti la kushoto angekuwa bado anaparamia miti mpaka leo. Mizinga yake ni ya magogo, ya kizamani, na kila mmoja una alama iliyochomwa kwa chuma cha moto: mistari miwili na mwezi mwandamo juu yake. Alama hiyo si yake. Ni ya ukoo mzima. Kaka yake mkubwa, Kimeu, huchoma hiyo hiyo, marehemu baba yao alichoma hiyo hiyo, na ukiikuta porini unajua umefika kwa watu.

Mizinga hiyo, pamoja na ya Kimeu, ilining'inia kwenye kilima cha ukoo, mahali ambapo hapajawahi kulimwa. Kuna chemchemi huko juu ambayo haikauki hata mvua ikikosa misimu miwili, na akina mama wa bondeni waliipandia na punda wao. Hati ya kilima ilikuwa na majina ya wazee watano, Kimeu wa kwanza na Mulwa wa mwisho.

Mwaka juzi kampuni moja ya kuchimba mawe ilikitamani kilima hicho. Ikamtuma binti mmoja mpole, Wacuka, ambaye aliketi na wazee, akala muthokoi wao wa mahindi, akawasikiliza bila haraka. Wazee walisema: mawe chimbeni, lakini maji tutachota na mizinga tutaipandia. Wacuka akasema, "Hiyo hakuna shida, wazee wangu." Mbuzi akachinjwa. Kwa Mkamba wa umri wa Mulwa, neno lililosemwa mbele ya mbuzi huwa limekwisha.

Jumapili binti yake Ndinda, anayetunza wazee kule Kanada, akapiga simu. Mulwa alimsimulia kwa furaha. Ndinda naye akamweleza habari za bibi kizee mmoja anayemhudumia, wa kabila la Wachippewa, ambao sehemu ile ya nchi ilikuwa yao kabla Mwingereza hajafika.

"Nau," alisema, maana ndivyo anavyomwita baba yake, "hapa ninapolala ni kwao. Waingereza walikuja na karatasi, miaka kama mia mbili imepita. Wazee wao hawakujua kuandika, wakachora wanyama wa koo zao. Huyu korongo, yule samaki. Walidhani wanakaribisha watu wakae pamoja nao, wawinde, wavue, kila mtu. Karatasi ilisema wametoa yote, milele."

"Na yale waliyoongea?"

"Mengi hayakuandikwa."

Mulwa alikaa na simu mkononi hata baada ya kukatika. Zamani kwa Wakamba, mpita njia mwenye njaa aliruhusiwa kuingia shamba la mtu akala miwa akashiba; kubeba ndiyo iliyokuwa wizi. Wale wazee wa mbali aliwaona wazi kabisa. Waliwaambia wageni kuleni, na wageni wakabeba. Kilichomuuma zaidi ni zile alama. Mzee anawezaje kutoa ardhi kwa alama ambayo si yake peke yake? Aliwahurumia kama watu wa tumbo moja naye.

Siku ya kutia vidole, wanne walitia, Kimeu akiwa wa kwanza. Zamu ya Mulwa ilipofika, aliuliza yale ya maji na mizinga yako wapi kwenye karatasi. Wacuka alipekua, akarudia kupekua, na tumpe haki yake, hakudanganya.

"Haijaandikwa, mzee. Lakini si sote tumesikia?"

"Hata wale walisikia," Mulwa alisema, na hakuna aliyejua ni wale gani. Akakikunja kidole. "Andikeni kwanza."

Wacuka akasema wakubwa wake hawabadilishi karatasi. Hapo Kimeu akainuka. "Unaniaibisha mbele ya wageni! Watoto wetu wakose kazi juu ya nyuki?" Tangu siku hiyo hakumsalimia nduguye, na nyumba zao zinatazamana.

Kampuni ilisema wanne wametosha. Waya ukakizunguka kilima, akina mama wakarudishwa getini na punda wao. Kisha asubuhi moja lori likashusha mizinga yote kando ya barabara, kati ya boma la Mulwa na la Kimeu. Ilikuwa imepangwa vizuri, nyuki hamna. Mulwa alilia, mzee mzima, na hakujificha.

Ndinda alipopiga tena, alimwambia, "Muulize huyo mama. Baada ya hapo walifanya nini?"

Jibu lilikuja wiki iliyofuata. "Anasema bado wanadai, Nau. Vitukuu wao wanaenda kortini mpaka sasa. Na hawajahama."

"Miaka mia mbili?"

"Ndiyo."

"Basi mimi sijachelewa."

Alikoka moto pale pale kando ya barabara, akatia chuma. Jua na mvua vilikuwa vimefifisha alama, na mzinga usio na alama ni gogo tu. Alianza na yake. Alipofikia ya Kimeu, gogo la kwanza lilibingirika, na kwa goti lile hakuweza kulizuia. Kimeu alikuwa mlangoni pake akitazama. Akavuka barabara, hakutoa salamu, akainama na kulikamata gogo kwa mikono miwili.

"Choma," alisema. "Hapo juu, penye mwezi, imefutika kabisa."