Bandama Nililokatalia

Mwaka uliofuata kifo cha mume wangu, daktari mmoja wa Nakuru alitaka nitolewe bandama. Nilikuwa nimeteremka kutoka Olenguruone kwa sababu ya uchovu tu. Walinitoa damu mkononi, wakaitia katika chupa yenye dawa ya kuizuia isigande. Walipohesabu chembe ndogo zinazoziba vidonda, wakazikuta chache mno. Bandama ndilo linalozila, daktari akasema.

"Ukikatwa, mama, damu haitasimama."

"Juzi nilijikata na mundu nikikata majani ya ng'ombe. Ilisimama kabla sijafunga mzigo."

"Hiyo ni bahati."

"Na mkinipasua, nitahitaji bahati gani?"

Shemeji yangu, aliyenisindikiza, aliona haya. "Tia kidole kwenye fomu, shemeji, wakupasue. Huyu amesoma."

Nilishatia kidole mara moja, katika hospitali hiyohiyo. Wakampasua mume wangu, nami nikarudi nyumbani na nguo zake zimefungwa ndani ya shuka. Nikakaa kwenye benchi nje ya maabara, nikasema siondoki mpaka damu yangu iangaliwe tena.

Fundi wa maabara, Kalasinga wa makamo, alicheka. "Wewe mama kali sana. Haya, ingia."

Alipaka tone la ile damu ya chupa kwenye kioo, akainamia hadubini. Kisha akanipisha nitazame. Chembe nyeupe, zile kubwa, zilikuwa zimezungukwa na vitu vidogo vingi vilivyozing'ang'ania, kama ng'ombe waliozunguka chumvi.

"Hii ndiyo ile ilipotea," akasema. "Sisi nahesabu ile natembea peke yake tu."

Akanidunga kidole, akapaka damu kwenye kioo kingine papo hapo, bila dawa. Safari hii vidogo vilitapakaa kila mahali, tele.

"Dawa ya chupa ndiyo nafanya zishikane. Ndani ya mwili yako hakuna shida."

Akampelekea daktari vioo vyote viwili. Daktari alitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia niende nyumbani.

Watu husema nilimshinda daktari. Sikumshinda. Sikujua lolote kuhusu chembe, na hata kama Kalasinga angeona vingine ningekataa tu, labda nife. Ndivyo nilivyokuwa.

Tulipotoka langoni shemeji akauliza, "Na ule uchovu sasa?"

"Ni wa kufiwa," nikamwambia. "Huo niachieni."