Mashine ya Presha Iliyonipa Miaka Sabini na Minane

Fundi baiskeli, jirani yetu hapa Pito, ndiye aliyenifunulia maana ya zile namba mbili wanazoandika ukipimwa presha. Ya juu, alisema, ni miaka yote uliyopangiwa kuishi. Ya chini ni ile uliyokwisha kuila. Toa, utapata iliyobaki. Nikamuuliza, mbona mimi nina miaka sitini na saba na mashine imeandika tisini na nane? Akanijibu bila kuinua macho kwenye spoki zake:

"Miaka ya jembe, mzee mwenzangu, inahesabiwa pamoja na nyongeza."

Nilimwamini kabisa. Mimi nilisoma masomo ya jioni mpaka nikapata cheti, na kwa hesabu za kutoa hakuna wa kunifikia kuanzia hapa hadi Wampembe. Mia na sitini, toa tisini na nane: sitini na mbili.

Na miaka hiyo nilikuwa naihitaji yote. Binti yangu anashinda mjini akishona nguo, na mwanawe wa miaka minne nashinda naye mimi. Nilikuwa nimejiapiza kumwona akiwa mtu mzima mwenye kazi yake. Lakini nilipomeza dawa za kliniki mwezi mmoja tu, mashine ikasema mia thelathini na nane kwa themanini na sita. Hamsini na mbili. Vidonge vimenila miaka kumi! Nikaviacha kimya kimya.

Siku ya kliniki iliyofuata nilijiandaa kama mtu wa mashindano. Uji wa ulezi wa mtoto niliutia sukari. Wangu niliutia chumvi ya kukaushia gunia zima la samaki. Nikamvalisha masweta mawili, maana upepo wetu wa asubuhi unaweza kumnyanyua ng'ombe, nikambeba mabegani, tukashika njia kwa miguu. Bajaji mbili zilisimama, nikazipungia ziende zao.

Mjini tulipita kwanza dukani kuchukua zipu alizoagiza binti yangu.

"Shikamoo, mzee. Huyo mabegani ni nani?" mwenye duka alinitania.

"Mimi ni mke wake," mtoto akajibu.

"Basi, bi mkubwa, mwambie mumeo akae. Anahema kama lori la mahindi mlimani."

"Hataki kukaa. Anasema akikaa itashuka."

Mwenye duka alicheka, akampa pipi. Mimi nikatoka haraka kabla haijashuka kweli.

Kliniki, muuguzi, binti mdogo tu, aliniamkia, akanifunga kile kitambaa mkononi. Akasoma. Akasubiri kidogo, akapima tena.

"Mia themanini na mbili kwa mia na nne."

Kabla hajaandika nilikuwa nimeshatoa: sabini na minane. Nikatabasamu mpaka masikio yakaniuma.

"Babu, kinachokufurahisha ni nini?"

"Namshukuru Mungu tu, mjukuu wangu."

"Dawa unameza?"

"Kama kawaida."

"Hamezi," mke wangu akasema, pipi mdomoni. "Anaziweka kwenye kopo la mbegu za maboga. Zinampunguzia miaka."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Ikabidi nimweleze hesabu yote, pamoja na nyongeza ya jembe. Kwenye benchi mgonjwa mwenzangu mmoja alishafungua daftari lake la kliniki na kuanza kutoa kwa vidole.

Muuguzi hakucheka. Alimshusha mtoto kutoka mapajani mwangu, akamketisha kwenye kiti cha pili, ndipo akanigeukia.

"Babu, hiyo si miaka. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapoisukuma, ya chini ni nguvu yake moyo unapopumzika. Ikibaki juu hivi, mshipa unaweza kupasuka kichwani, nawe ukaanguka barabarani na huyu akiwa mabegani mwako. Dawa unameza kila siku, hata ukijisikia mzima."