Wageni Ndio Walionipa Majibu Yangu ya Hospitali

Admin, nifichie jina, lakini hasira yangu usiipunguze. Vijana mtakaonisalimu, marahaba. Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, mjane, mwalimu mstaafu wa baiolojia, naishi Mbwawa, Kibaha.

Mwezi uliopita nilitokwa na damu, jambo ambalo kwa mwanamke aliyekoma hedhi zamani si la kusubiri. Mkwe wangu Baba Nasri, mume wa binti yangu wa pekee, akanipeleka hospitali, wakachukua kinyama cha kupima. Mapokezi walipoomba namba ya ndugu, mkwe akataja yake. Sikuona ubaya. Nilivyojua mimi, namba ile ni ya kuitia mtu ukizidiwa.

Siku moja nachambua mchicha uani, mara mama mzazi wa mkwe wangu huyo anaingia na wenzake kutoka Mzenga, wamebeba mihogo. Akanikumbatia akilia. "Pole mkwe wangu. Kansa ya kizazi si mwisho. Shangazi yangu walimtoa chote na mpaka leo analima."

Nikauliza, "Kansa ya nani?"

Wakatazamana. Hapo ndipo nilipojua naumwa nini. Hospitali walimpigia mkwe wakamweleza yote, naye kwa hofu akamwambia mama yake, mama akabeba majirani.

Mtasema, si ndugu? Ngoja niwaeleze. Kwetu mama na mkwe wa kiume wana heshima yao. Hatuli sahani moja, chumbani kwangu haingii, akinikuta na khanga moja hupita mbali. Leo anaijua hali ya kizazi changu kabla yangu! Siku hizi anaishia getini, anatuma salamu, anaondoka.

Nilimfuata muuguzi aliyepiga simu. Akatabasamu. "Bibi, nyie wazee mkiambiwa ghafla presha inapanda. Ndiyo maana tunaanza na ndugu."

"Mwanangu, nimefundisha watoto wa watu miaka yote kizazi kinakaa wapi. Changu ndicho kinishinde kukisikia?"

"Sasa unagomba nini, bibi, si ushajua?"

Ushajua! Majibu ni ya mgonjwa. Akiwa na akili timamu, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa, na yeye ndiye anayechagua nani mwingine ajue. Kunipa lifti hakumpi mtu mwili wangu.

Nataka kumshtaki muuguzi huyo kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali. Binti yangu kapiga magoti: "Mama, nakuomba. Baba Nasri ataitwa aeleze aliambiwa nini. Ayataje hayo mbele yako? Ataniacha, mama, kwa aibu tu." Namjua mkwe wangu, na naogopa binti yangu anasema kweli.

Upasuaji ni wiki ijayo, hospitali hiyohiyo, na muuguzi yule kaniambia nije na mkwe asaini kibali. Nishaurini, hasa mlio na mama zenu hai. Nishtaki niivunje ndoa ya mwanangu, au ninyamaze nikalale mikononi mwa watu wanaoniona maiti? Maana ninavyojua, maiti ndiye ambaye ndugu humsemea.