Safari ya Maporomoko Aliyoivunja

Habari ilinifikia Ijumaa asubuhi kwa simu ya binti yake: mzee amefariki, anazikwa leo hii baada ya sala. Nilipofika mtaani kwake Buyenzi jeneza lilikuwa limeshatoka msikitini. Nikatia bega hatua chache, nikawaachia wengine. Makaburini watu walimtaja kuwa mkarimu, mcheshi, mtu asiyekosa msibani. Hakuna aliyesema kwamba alikuwa jasiri. Mimi nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi kunyamaza mpaka azikwe. Sasa amezikwa.

Miaka ya vita nilikuwa karani katika ghala moja la vifaa vya ujenzi kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, na yeye alikuwa mtunza stoo. Tulikuwa tisa pale kazini, tukitoka katika mitaa ambayo jioni haikutembeleana tena. Mchana tuliandikiana hati za saruji na mabati, saa kumi kila mmoja akaharakisha kwa watu wake. Tulizoea hata kula tukiwa tumepeana migongo. Yeye ndiye aliyechoka na hali hiyo. Siku moja alichana mfuko mtupu wa saruji, akachora upande wake wa ndani njia ya kupanda milimani hadi kwenye maporomoko ya maji ambayo wengi wetu tuliyaona mara ya mwisho tukiwa shuleni. Milima ilikuwa imetulia kwa wiki kadhaa, na barabara ilikuwa imefunguliwa.

"Wiki tatu zikipita, dimanshi tunapanda," alisema, yaani Jumapili. "Saa mbili askari wanafungua barieri ya barabara, saa tisa tuko tumerudi. Ule atachelewa, nitamubeba kwa mugongo."

Tulicheka, kisha tukashangaa kwamba tumecheka pamoja. Kwa majuma matatu karatasi ile ilining'inia ukutani. Alipanga nani atabeba bidoni za maji na nani mkate. Alipanga pia nani atatembea na nani, na hapo aliwaunganisha kwa makusudi watu ambao hawakusalimiana. Dereva wetu wa kamioneti, kijana mwenye hasira aliyepoteza kaka mwaka mmoja kabla, alipewa kutembea na katibu, mama mmoja ambaye nyumba yake ilichomwa na watu wa mtaa wa huyo dereva. Mama yule alitazama karatasi, akarudi mezani kwake. Kesho yake alimuuliza dereva kama ana viatu vya kupandia. Hapo ndipo nilipoamini kwamba safari ile ingetufaa.

Jumamosi, mkesha wa safari, mzee alichelewa kazini. Alipita sokoni kama kawaida yake, akaja na mfuko wa njegere mkononi, na uso wake haukuwa ule tuliouzoea. Alikwenda moja kwa moja ukutani akaibandua karatasi.

"Safari imekufa," alisema.

"Imekufa namna gani?" dereva aliuliza. "Umesikia nini?"

"Sikusikia kitu. Mi naogopa."

"We unaogopa, sisi tukae? Basi mi nitawapeleka."

Mzee alinyoosha mkono, akatoa ufunguo wa kamioneti kwenye msumari na kuutia mfukoni. Dereva alimrukia, akamshika kola, akamsukuma hadi kwenye rafu za misumari. Katika siku zile ugomvi wa watu wawili kazini ungeweza kuhama nao hadi mitaani, na sote tulilijua hilo. Katibu alianza kulia taratibu. Mzee hakuinua mkono.

"Piga," alisema. "Lakini ufunguo apana."

Dereva alimwachia. Jumapili ilipita kimya, anga safi, milima ikionekana hadi mti wa mwisho. Nilikaa nyumbani nikiitazama kwa uchungu. Jumatatu nilipomwona anaingia nikatamka kwa sauti, ili wote wacheke: "Mzee Naogopa amefika!" Walicheka. Jina lile nililibuni mimi, na likamganda. Alhamisi tulisikia milio ya bunduki kutoka upande ule ule wa milima, na barabara ikafungwa kwa miezi. Dereva alisema ni bahati tu, nasi tukakubali. Mzee aliendelea kuitikia jina lake kwa miaka.

Vita vilipokwisha nilimkuta katika mtaa wa Asiatique, mbele ya duka la fundi cherehani mmoja, tukanywa chai. Nikamuuliza, nikidhani ni utani, ni nini hasa kilimtisha. Akasogeza kikombe chake pembeni, akanieleza. Kila Jumamosi alinunua njegere kwa mama mmoja aliyeshuka kutoka milimani, na kila Jumamosi alimuuliza kama kule juu ni amahoro, yaani amani, naye mama alijibu amahoro. Siku ile alimkuta na watoto wake wanne, wamekalia mikeka iliyofungwa kwa kamba.

"Nikamuuliza, mutu anaweza kupanda kesho? Hakunijibu. Akaniuliza: huku Buyenzi mutu anaweza kupata chumba?"

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningesema, saa ile ile mungeniuliza, nani amekuambia? Na kesho mutu angemufuata kule soko: we unajua nini, umejua kupitia nani? Hawa askari wangemuita mupelelezi, na wale waasi wa mulimani wangesema ameuza siri. Ana watoto wane. Mi, jina la muoga halikuniua."

Nilimwomba radhi. Nikamwomba pia ruhusa ya kuwaeleza wenzetu. Akatikisa kichwa: nisiseme mpaka yeye aondoke. Nilipouliza kama mama yule alipata chumba, alijibu tu, "Alipata," akaagiza chai nyingine.

Sijui ni nini kingetupata Jumapili ile. Huenda tungepanda, tukalowa kwa maji ya maporomoko na kurudi salama saa tisa. Yeye pia hakujua. Alichojua ni kwamba watu wanane na mama mmoja na watoto wake walikuwa mikononi mwake asubuhi ile, na kwamba hangeweza kuwalinda wote bila kubeba aibu peke yake. Sisi tuliopona vita tunapenda kuwakumbuka waliothubutu. Wale waliotuzuia hatuwakumbuki, kwa kuwa walichotupa ni Jumapili isiyo na habari.

Siku hizi vijana wa mji huu hupanda milimani kila mwisho wa juma, na ninafurahi kuwaona. Neno langu kwao ni moja. Siku kiongozi wenu atakaposema turudi, na mkamuuliza sababu akakosa kuitoa, rudini naye, wala msimpe jina. Huenda sababu anayo, na kuitamka ni kuuza roho ya mtu mwingine.