Nilirudi Kigoma na utaratibu wa Ujerumani, mama yangu akaumia

Wakuu, salaam kwenu.

Hili nimekaa nalo karibu mwaka. Leo naliandika lilivyo, siongezi wala sijipambi.

Nilikaa Ujerumani miaka saba. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani kwao: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapikia. Kule kila kitu ni appointment. Nikifika dakika mbili kabla, nasubiri nje kwenye baridi hadi muda utimie.

Wazee wengi wanaishi peke yao. Wanavaa kitufe mkononi, wakianguka wanabonyeza, gari linakuja. Niliona ni maendeleo.

Nikarudi nyumbani Kasingirima, kwa mama. Baba alishafariki, tukawa wawili tu.

Mshtuko wa kwanza ulikuwa watu. Saa moja asubuhi jirani yetu, Mama Zawadi, yuko sebuleni. "Mwakeye!" anaamkia kwa Kiha. Hajabisha hodi, anapitiliza jikoni, anafunua sufuria. Akitoka yeye anaingia mwingine. Huyu anataka chumvi, yule hataki chochote, amekuja kukaa tu.

Mimi nimezoea kimya. Kichwa kilikuwa kinaniuma kweli, msidhani naringa.

Mwezi wa pili nikaweka geti la chuma na kufuli. Nikawaambia majirani, kwa heshima kabisa, kwamba anayekuja apige simu kwanza. Mama alipewa ufunguo wake. Alichosema ni, "Haya, nyumba ni yako pia."

Watu wakaacha kuja. Nikalala vizuri. Kwamba mama alianza kula kidogo na kuongea kidogo, niliona ila sikuhoji. (Najua mtanishambulia hapo. Sawa tu.)

Siku moja nilitoka mapema kwenda ufukweni Kibirizi kukagua dagaa wangu wa biashara waliokuwa wanaanikwa. Simu ilikuwa silent, tabia ya kazini kule.

Narudi saa saba mchana, namkuta mama chini, mlangoni pa bafu la uani. Alikuwa hapo tangu alipoteleza saa mbili asubuhi. Jua lote lilimpiga pale. Midomo imekauka, mguu mmoja umegeukia nje.

Kazi yangu ya miaka saba ilikuwa hiyohiyo. Nilijua cha kufanya, nikakifanya. Hospitali wakaniambia mfupa wa nyonga umevunjika.

Simu nilikuja kuiangalia pale kwenye benchi. Missed calls tatu za Mama Zawadi, saa mbili na nusu.

Jioni alikuja wodini na uji. Nikamuuliza kama alifika nyumbani asubuhi.

"Nilifika. Nilikuwa na mihogo ya mama yako. Nikaita getini, kimya. Ulisema tupige simu, mwanangu, nikapiga. Nikasema labda mnapumzika, nikarudi."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananijibu nilichouliza.

Mama alikuwa amemsikia akiita getini asubuhi ile. Aliniambia mwenyewe, "Nilimwitikia, sauti haikufika."

Nikamwomba Mama Zawadi msamaha palepale. Akasema, "Mshike mama yako kichwa, anywe."

Mama alilazwa wiki tano. Majirani wale niliowafungia walipanga zamu wao kwa wao, bila kuniuliza ratiba yangu. Sasa anatembea na fimbo, polepole. Kupanda mlima kwenda sokoni Ujiji hawezi tena.

Kufuli niliitoa. Nisiwadanganye kwamba nimebadilika: juzi niko bafuni na sabuni usoni, mtu ananiuliza kutoka nje ya ukuta kama nina bisibisi. Nilikunja uso. Sijazoea, na sidhani kama nitazoea yote.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilileta utaratibu wa kule bila kile kitufe, na sikujua kwamba huku kitufe ni watu wenyewe.

Mliorudi kutoka nje, ilikuchukueni muda gani kutulia? Na nyie mnaoishi na ndugu waliorudi, semeni mnayoyaona kwetu. Matusi pia napokea.

Daktari alipomuuliza mama ilikuwaje akakaa chini muda wote ule, mimi nikiwa nimesimama pembeni, alijibu, "Niliteleza tu." Geti na kufuli hakuvitaja, na hadi leo hajavitaja.